Usinunue Kulanti kwa Rangi

  Kwenye kipindi kilichopita tuliongea juu ya gari la kwanza la familia: nani alilinunua, lilikuwa bei gani, lilikufa vipi. Tulicheka sana. Lakini baada ya kipindi dada mmoja wa Columbus alituandikia swali ambalo halikunichekesha, na nimeona nilijibu hapa kwa maandishi, kwa sababu lina mambo ya kusoma polepole.

Anaendesha Toyota Sienna ya 2006. Ilikuwa ya kaka yake, na kabla ya kaka yake ilikuwa ya mtu wasiyemjua. Kulanti imepungua. Akaenda duka la spea, akasimama mbele ya rafu, akakuta kijani, machungwa, waridi, nyekundu, samawati na njano. Nyingine imeandikwa kwamba inafaa magari yote. Ndani ya gari lake kulanti ni ya kijani. Anauliza: "Nichukue ya kijani ifanane na iliyomo, au nimsikilize mama anayesema niweke maji ya bomba tu? Hiyo gari ndiyo inampeleka kazini usiku, siwezi kuiharibu."

Jibu fupi: usichukue ya kijani, na usiweke maji ya bomba. Jibu refu linaanza na baba yangu.

Camry ya baba

Baba alikuwa dereva wa lori kati ya Uvira na Bukavu kabla hatujakimbilia Tanzania, kambini Nyarugusu. Wanaoijua ile njia wanajua milima ya Ngomo: kona juu ya kona, bonde liko chini yako, na lori limebeba mzigo kupita kiasi. Pale dereva alitembea na madumu ya maji. Injini ikichemsha, unasimama, unasubiri ipoe, unaongeza maji, unaendelea. Hivyo ndivyo baba alivyojifunza gari, na alijifunza vizuri. Mtu hapandi Ngomo kwa bahati.

Tulipofika Louisville alinunua Camry ya 2001 kwa pesa za taksi ya mwaka wa kwanza. Baada ya muda gari likaanza kunywa maji. Pampu ya maji ilikuwa inavuja kidogo kidogo. Kila Jumamosi baba alifungua boneti na kuongeza chupa moja ya maji ya bomba. Majira yote ya joto, kila Jumamosi. Alikuwa akiniambia: "Mutoto wangu, gari ni kama mutu, inataka maji."

Mimi nilikuwa na miaka 17. Nilikuwa nimesoma kitabu cha gari kwa sababu nilitaka leseni. Kitabu kilisema wazi: maji matupu, hapana. Nilimwona baba akimimina, na sikusema kitu. Si unajua jinsi ilivyo. Nyumbani kila barua ya Kiingereza naisoma mimi, simu za ofisi napiga mimi, kwa daktari natafsiri mimi. Gari ndicho kitu pekee ambacho baba alikuwa bado anakijua kuliko mimi. Sikutaka kumnyang'anya na hicho.

Januari shangazi, dada yake baba, akafariki Buffalo. Tukaondoka Louisville jioni: I-71 hadi Cleveland kupitia Cincinnati na Columbus, halafu I-90 kando ya Ziwa Erie. Ni maili kama 540. Gari halikusumbua. Tulifika usiku, tukaliacha nje barabarani, na usiku ule baridi ilishuka chini ya sifuri ya Farenhaiti.

Asubuhi gari liliwaka. Baada ya dakika chache hita ikawa inapuliza hewa ya baridi, na mshale wa joto ukapanda hadi mwisho. Baba alishangaa: nje barafu, injini inachemsha, inawezekanaje? Akazima. Chini ya gari maji yakaanza kumwagika. Rejeta ilikuwa imepasuka, na kizibo kimoja cha injini kilikuwa kimesukumwa nje na barafu. Baba hakutaka kuliacha gari. Akasimama pale boneti iko wazi, anaangalia, hadi binamu akaja kutuchukua. Tulifika makaburini watu wanatoka. Udongo ulikuwa umeshafukiwa.

Njiani kurudi hakusema kitu. Na mimi pia. Kwa hiyo mkiona naandika kwa ukali kidogo juu ya maji ya rangi rangi, mjue sababu.

Kulanti inafanya nini hasa

Kulanti ina kazi tatu, na maji ya bomba yanaweza kujaribu moja tu.

Kazi ya kwanza ni kubeba joto kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta. Hii maji yanaiweza, tena vizuri.

Kazi ya pili ni kuzuia kuganda na kuchemka. Maji yakiganda yanapanuka kwa karibu asilimia 9, na chuma hakina pa kwenda, kinapasuka. Kinachozuia ni kemikali inayoitwa ethilini glaikoli. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji, mchanganyiko haugandi mpaka digrii kama 34 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani 37 chini ya sifuri za Selisiasi. Na ukiwa na kifuniko cha rejeta kizima, kinachoshika mgandamizo wa kama paundi 15, hauchemki mpaka karibu digrii 265 za Farenhaiti. Maji matupu bila mgandamizo yanachemka kwenye 212, na Bukavu, kwa sababu ya mwinuko, yanachemka hata mapema zaidi. Ndiyo maana madereva wa Ngomo walisimama sana.

Sasa angalia hesabu ya baba. Theluthi moja ya kulanti na theluthi mbili za maji huanza kuganda kwenye sifuri ya Farenhaiti hivi. Robo moja ya kulanti huanza kuganda kwenye 10 juu ya sifuri. Kila Jumamosi baba alikuwa anapandisha ile namba ya kuganda bila kujua. Louisville majira ya joto haikudhuru. Buffalo Januari ilidhuru.

Usifikiri basi kwamba kulanti tupu bila maji ni bora zaidi. Glaikoli peke yake huganda kwenye digrii 9 juu ya sifuri za Farenhaiti. Kumbe mchanganyiko una nguvu kuliko kila kimoja peke yake. Nusu kwa nusu inatosha kwa miji yetu yote mitatu, hata Buffalo.

Kazi ya tatu ndiyo watu wengi hawaijui: kuzuia kutu. Ndani ya injini kuna alumini, chuma, shaba ya kuunganishia, mipira na sili za pampu. Kulanti ina dawa za kuvilinda vyote hivyo. Hizo dawa zinaisha baada ya muda hata kama rangi bado inang'aa. Na hapa ndipo tofauti za chupa zinapoanza.

Kwa nini rangi inadanganya

Rangi ni rangi tu. Imewekwa na kiwanda ili uone uvujaji na uitambue bidhaa yake. Hakuna sheria inayosema rangi fulani lazima iwe aina fulani. Kinachotofautisha ni dawa ya kutu iliyomo. Kuna makundi matatu makubwa.

La kwanza linaitwa IAT. Hii ndiyo kulanti ya kijani ya zamani, yenye silikati na mara nyingi fosfati. Inalinda haraka lakini inachoka haraka: kama miaka 2 au maili 30,000.

La pili linaitwa OAT. Linatumia asidi za kikaboni, halina silikati. General Motors walianza kuitumia kwenye magari ya 1996 kwa jina la Dex-Cool, rangi ya machungwa, na kuisema ni ya miaka 5 au maili 150,000.

La tatu ni HOAT, yaani mchanganyiko wa hayo mawili. Ford nyingi za miaka ya 2000 zilitumia ya njano inayoitwa G-05. Chrysler za miaka hiyo zilitumia HOAT pia, lakini yao ilikuwa ya machungwa. Umeona? Machungwa ya GM na machungwa ya Chrysler ni vitu viwili tofauti. Ukinunua kwa macho umeshakosea.

Kisha kuna magari ya Kijapani, ambayo kwetu ndiyo mengi. Watengenezaji wa Japani hawapendi silikati, kwa sababu wanaona inakula sili za pampu ya maji. Wao wanatumia asidi za kikaboni pamoja na fosfati. Wazungu wa Ulaya kinyume chake: wanakwepa fosfati, kwa sababu kwao maji mengi yana chokaa na fosfati ikikutana na chokaa inaganda kuwa magamba. Toyota za zamani zilikuja na nyekundu. Za baadaye, kama ile Sienna ya 2006, zilikuja na ya waridi, ambayo inabadilishwa mara ya kwanza maili 100,000, halafu kila maili 50,000. Honda wana ya kwao ya samawati.

Na msifikiri haya ni mambo ya mbali. Honda Accord zilianza kuundwa Marysville, karibu na Columbus, mwaka 1982. Ford Explorer ziliundwa hapa hapa Louisville kuanzia 1990 kwa miaka 20. Na ninyi wa Buffalo, Lockport pale jirani yenu ndipo kampuni ya Harrison ilianza kutengeneza rejeta mwaka 1910. Wazazi wetu walivuka bahari wakaja kukaa kwenye miji ya rejeta.

Basi uchague vipi

Hatua ya kwanza: fungua kitabu cha gari. Kama kilipotea, kipo kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza gari, bure. Tafuta sehemu ya kulanti, nakili mambo matatu: aina, kiasi kinachoingia, na kila maili ngapi inabadilishwa. Piga picha, iweke kwenye simu.

Hatua ya pili: dukani soma mgongo wa chupa, si mbele. Tafuta aina uliyonakili, au aina na mwaka wa gari lako. Kwa Toyota na Honda kuna chupa zimeandikwa "Asian Vehicles", bei nafuu kuliko ya kampuni yenyewe, na zinafanya kazi. Angalia hapo hapo kama imeshachanganywa na maji. Kama imeshachanganywa, usiongeze maji. Watu wengi wanakosea hapa.

Hatua ya tatu: kama unachanganya mwenyewe, tumia maji yaliyokenekwa. Ni maji yaliyogeuzwa mvuke yakarudishwa kuwa maji, madini yakabaki nyuma. Yanauzwa kwa galoni Kroger kwa watu wa Louisville na Columbus, Tops au Wegmans kwa watu wa Buffalo. Bei yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana. Maji ya bomba ni mazuri kwa kunywa, lakini yana madini, na madini hayo yanaganda kwenye vijitundu vya rejeta kama yale magamba meupe ndani ya birika la chai.

Na ile inayosema inafaa magari yote? Ikiwa uko njiani, usiku, kulanti imeshuka, weka. Itakufikisha. Lakini ukichanganya aina mbili, usihesabu tena miaka 5. Hesabu kama una ile dhaifu zaidi.

Dada wa Columbus, jibu lako

Sienna ya 2006 ilitoka kiwandani na ya waridi. Iliyomo ni ya kijani. Maana yake kuna mtu alibadilisha au aliongeza, na hujui lini wala kwa kipimo gani. Ukiongeza ya kijani juu yake, unaongeza kitu usichokijua juu ya kingine usichokijua. Anza upya.

Kwanza tafuta kwa nini imepungua. Kulanti haiishi kama mafuta. Ikipungua, kuna mahali imekwenda. Angalia chini ya gari asubuhi. Gusa zulia upande wa abiria: likiwa bichi na kuna harufu tamu, hita ya ndani inavuja. Moshi mweupe wenye harufu tamu, au oili inayofanana na chai ya maziwa, ni gasketi ya silinda hedi, na hapo usiendeshe, tafuta fundi. Maduka kama AutoZone yanaazima kifaa cha kupima mgandamizo. Unaacha pesa za dhamana, ukikirudisha unarudishiwa.

Ukishaziba uvujaji, osha. Injini iwe baridi kabisa. Fungua kizibo cha chini cha rejeta, kulanti ya zamani iingie kwenye beseni. Funga, jaza maji yaliyokenekwa, washa gari, weka hita kwenye joto la mwisho, na ya nyuma pia kama ipo. Injini ikipata moto na mipira yote miwili ya rejeta ikawa ya moto, zima. Subiri ipoe. Mwaga tena. Rudia mpaka yatoke meupe.

Sasa sikiliza hapa, maana hata mafundi wengine wanasahau. Ukishaosha, maji mengi yanabaki ndani ya injini. Hayatoki yote kwa kizibo cha rejeta. Ukijaza kulanti iliyokwisha kuchanganywa, itazimuliwa na hayo maji, na umerudi kwenye Jumamosi za baba yangu. Kwa hiyo nunua ile isiyochanganywa. Kitabu kikisema mfumo mzima unaingia lita 10, mimina kwanza lita 5 za kulanti tupu, halafu malizia na maji yaliyokenekwa. Acha injini izunguke kifuniko kikiwa wazi mpaka hewa itoke, ongeza kinapopungua, funga. Kesho yake asubuhi angalia tena.

Mwisho, pima. Kuna kipimo kidogo cha plastiki chenye vipira ndani, kinauzwa dola chache. Unafyonza kulanti, unaona namba ya kuganda. Mimi napima kila Novemba, kabla ya theluji. Ni dakika mbili. Mkumbuke tufani ya theluji iliyoipiga Buffalo Desemba 2022, watu zaidi ya 40 walikufa, wengine ndani ya magari yao. Gari lisiloganda si anasa kule.

Mambo mawili ya kutokusahau

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Kamwe. Ule mgandamizo unaozuia kuchemka utakurushia maji ya moto usoni.

Na kulanti ni sumu tamu. Mbwa anailamba, mtoto anaonja kwa sababu ina rangi ya soda. Usiiache kwenye beseni nje, usiiweke kwenye chupa ya juisi, usiimwage kwenye mtaro. Ipeleke pale kaunti yako inapopokea taka hatari za nyumbani. Mtoto akinywa, usisubiri dalili: piga 1-800-222-1222, bure, saa 24, na wana wakalimani. Akiwa amezimia, piga 911.

Na mama je?

Dada anaandika kwamba mama anasisitiza maji tu. Usimwambie "mama umekosea". Mama hajakosea. Alikotoka maji hayagandi, na kulanti ilikuwa ghali au haikuwepo. Gari lile liliishi kwa maji na kwa uangalizi wa mtu. Mwambie hivyo kwanza.

Mimi ilinichukua mwaka mzima. Camry ilikuwa imepata rejeta ya mitumba na pampu mpya. Jumamosi moja baba akatoka na chupa ya maji, nikamfuata. Sikumwambia kitabu kinasema nini. Nikamwuliza: "Baba, kule Ngomo, injini ikichemsha, mulikuwa munajuaje kwamba imepoa ya kutosha kufungua?" Akanieleza, nusu saa, kwa mikono yote miwili. Halafu nikamwonyesha kile kipimo cha vipira. Akakishika juu, akakitazama kwenye mwanga, akauliza namba zinasema nini. Nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akasema: "Kumbe. Siku ile ya shangazi yako ungeniambia."

Sikuwa na jibu. Bado sina. Lakini tangu siku hiyo kulanti tunapima wote wawili. Yeye anafungua, mimi nasoma.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii, kwa kila mmoja wenu: Jumamosi asubuhi, gari likiwa baridi, fungua boneti la gari la wazazi, siyo lako tu. Angalia kiasi, angalia rangi, pima. Na kama umeona kitu, sema. Kwa adabu, lakini sema. Tutumieni namba zenu, tutazisoma kwenye kipindi.

Tuonane wiki ijayo. Tutaongea juu ya mkanda wa injini, ule unaolia asubuhi mpaka majirani wanaamka.